Mionzi kwenye shuka jeupe: mwongozo kamili wa kuonyesha filamu za nyuklia mtaani, kutoka Ngamiani, Tanga

Mimi nilianza vibaya. Usiku wa kwanza nilitundika shuka ukutani, nikawasha projekta, nikawawekea majirani sehemu mbili za mwanzo za Chernobyl, ile tamthilia ya mwaka 2019 kuhusu mtambo wa nyuklia uliolipuka Ukraine, bila neno la utangulizi. Watu walitazama kimya mpaka mwisho, nikajipongeza. Siku mbili baadaye jirani yangu akaja kupiga hodi asubuhi na mapema. Mama yake alikuwa amepangiwa tarehe ya tiba ya mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, na sasa amekataa kusafiri. "Nikachunwe ngozi kama wale wazima moto?" ndivyo alivyosema bi mkubwa. Ilibidi muuguzi anayekaa mtaani kwetu aende kuzungumza naye jioni tatu ndipo akapanda basi.

Tangu siku hiyo siwashi projekta kabla sijajua nani amekaa mkekani na ataondoka na nini kichwani. Ninayoeleza hapa ni utaratibu nilioufuata baadaye, usiku tano za Jumatatu, na mambo ambayo ningeyafanya tofauti.

Hatua ya kwanza: watu, mahali na siku, kisha filamu

Kibanda umiza hakifai. Nasema hivyo mimi niliyeendesha kibanda miaka mingi. Mabenchi yanajaa vijana wa kiume, nje bodaboda zinaunguruma, na mama mtu mzima haingii. Filamu hizi zina mambo ya posa, kisima cha kijiji na maziwa ya watoto, kwa hiyo ukiwakosa akina mama umekosa nusu ya mazungumzo. Tafuta ua mpana, tandika mikeka, weka viti vichache kwa wazee wenye magoti mabovu.

Siku yenyewe ni Jumatatu. Jumamosi na Jumapili ni za mpira, Jumanne na Jumatano kuna ligi ya mabingwa, Alhamisi jioni ndiyo usiku wa Ijumaa na watu wana nyiradi zao. Anza baada ya Isha.

Vifaa si vingi. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha ua wenye giza. Kodi spika mbili, beba kompyuta yenye filamu ndani (usitegemee intaneti), na jenereta ndogo uijaze mafuta tangu mchana. Shuka lipigwe pasi. Upepo wa baharini hulituna kama tanga la jahazi, hivyo funga chupa za maji kwenye pindo la chini. Kahawa na kashata ziwepo, ila zigawiwe baada ya filamu. Zikigawiwa katikati, vikombe vinalia kuliko spika.

Watoto wasiwepo. Hapa kuna mtego wa katuni: Hadashi no Gen, iliyotoka Japani mwaka 1983, imechorwa kama katuni yoyote ya asubuhi, lakini dakika zake za mlipuko wa Hiroshima zinaonyesha miili ikiyeyuka. Usimwachie mtu achukue flashi yako "awawekee watoto".

Hatua ya pili: kibali

Onyesho la hadharani, hata la bure, linahitaji kibali, na filamu hupangiwa daraja la umri na Bodi ya Filamu Tanzania. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, atakuelekeza. Ridhaa ya wenye filamu iombwe mapema, maana majibu ya barua pepe hayana haraka. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa, na balozi usimsahau.

Hatua ya tatu: weka sawa neno "mionzi"

Hii ndiyo hatua niliyoiruka nikaumbuka. Kwetu neno moja linabeba mizigo mitatu: picha ya eksirei, tiba ya saratani na bomu. Mtu akisikia "amepigwa mionzi" hajui ni yupi kati ya hao watatu. Tumia dakika kumi kabla ya filamu, na usitumie ubao. Tumia jiko la mkaa.

Ukikaa karibu na jiko unapata joto. Ukiondoka, hubebi joto lile ukamuunguze mwenzako. Huko ndiko kupigwa na mionzi. Lakini upepo ukikurushia majivu yenye cheche, unayabeba kwenye kanzu, unaingia nayo ndani, unamshikisha mtoto. Huko ndiko kuchafuliwa na vumbi lenye mionzi. Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine ya mionzi amekaa karibu na jiko, hana majivu: akirudi nyumbani hamwambukizi mtu, anapakata wajukuu kama kawaida. Tena jiko lake limepimwa. Kipimo ni kikubwa, lakini kinaelekezwa sehemu moja ya mwili, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Namba wape chache. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa siverti. Eksirei ya kifua ni takriban milisiverti 0.1. Ardhi, hewa, chakula na anga humpa binadamu wastani wa milisiverti 2.4 kila mwaka bila mtu yeyote kulipua kitu. Mwili mzima ukipata siverti 4 hadi 5 kwa mpigo, bila matibabu, nusu ya watu hufa. Waeleze kwamba siverti moja ni milisiverti 1,000, na waache wapige hesabu wenyewe. Mzee mmoja muuza nazi alipiga haraka kuliko mimi.

Halafu nusu uhai, yaani muda ambao nusu ya kitu chenye mionzi huisha. Chukua sahani ya maandazi, sema kila siku 8 nusu yake inaliwa: leo 16, baada ya siku 8 yamebaki 8, kisha 4, kisha 2. Hiyo ndiyo iodini-131. Siziamu-137 inakula nusu yake kwa miaka 30 hivi. Watakumbuka maandazi.

Hatua ya nne: nani atatafsiri

Watu wetu wamezoea muvi iliyotafsiriwa, DJ akiongea juu ya sauti za waigizaji na kutia chumvi. Kwa filamu za mapigano ni raha tupu. Kwa hizi, chumvi inaharibu. Mkataze mtafsiri kuchekesha hospitalini, na mwambie anyamaze pale filamu yenyewe inaponyamaza. Mimi nilitumia sauti mbili, yangu na ya mwalimu mmoja wa kike. Maneno ya msichana anayekataliwa posa yalipotoka kwenye kinywa cha mwanamke, ua mzima ulisogea mbele.

Tazameni filamu mara mbili kabla, mkiandika dakika za kusimamisha. Zisizidi tatu kwa filamu moja.

Hatua ya tano: mpangilio wa usiku tano

*Usiku wa kwanza: Gojira (1954).* Wengi wanalijua dubwana la Godzilla kwa zile za Marekani, majengo yanaanguka na watu wanashangilia. Ile ya kwanza, ya Ishirō Honda, ni msiba. Ila kabla ya kuiwasha, simulia habari ya mashua, kwa sababu Tanga ni watu wa bahari.

Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, katikati ya Pasifiki. Walitarajia nguvu ya megatani 6 hivi, ikatoka 15. Mashua ya jodari ya Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bikini, umbali unaozidi kidogo ule wa Tanga hadi mjini Unguja. Mabaharia 23 waliona mwanga magharibi kabla jua halijatoka, kisha, saa chache baadaye, unga mweupe ukaanza kuwadondokea. Mmoja wao alisimulia baadaye kwamba aliulamba kujua ni nini.

Simama hapo uulize: unga mweupe unatoka wapi katikati ya bahari? Nilipouliza, mvuvi mmoja wa Sahare alijibu bila kufikiri: "Chokaa." Alipatia. Bomu lilichoma mwamba wa matumbawe kama tanuri zetu za chokaa zinavyochoma, likaurusha juu na sumu yake. Mabaharia wote waliugua, na mkuu wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo. Jodari wakakaguliwa kwa mashine sokoni Tokyo, wengine wakafukiwa ardhini. Mashua yenyewe ingalipo, imehifadhiwa Tokyo.

Gojira ilitoka tarehe 3 Novemba, miezi minane tu baada ya mlipuko, nayo inaanza na mashua inayopigwa na mwanga baharini. Mtazamaji wa Japani hakuhitaji kuelezwa. Wako sasa naye hahitaji. Wataona kisima kilichopigwa marufuku, wazee wa kisiwa wanaokumbuka tambiko la mnyama wa bahari, abiria wa treni anayenung'unikia jodari wenye mionzi, na daktari anayemsogezea mtoto kipimo kisha anatikisa kichwa. Hapo kwa mtoto ndipo pa kusimamisha.

Watakuuliza kama mnyama wa kale anaweza kweli kutoka kilindini. Tanga mna jibu ambalo Tokyo hawakuwa nalo: silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka zama na zama, ambaye wavuvi wa huku wamekuwa wakimnasa tangu 2003 na ambaye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 imepewa jina lake. Ila waambie pia kwamba mionzi haimkuzi mjusi akawa jengo. Inaua chembe za mwili au kuzivuruga, basi. Tafuta nakala ya Kijapani yenye dakika 96. Ile iliyokatwa Marekani mwaka 1956 imechomekwa mwandishi wa habari wa Kimarekani na kupunguzwa makali.

*Usiku wa pili: Kuroi Ame, yaani Mvua Nyeusi (1989).* Ukiwa na uwezo wa kuonyesha moja tu, onyesha hii. Shōhei Imamura aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, kutoka riwaya ya Masuji Ibuse. Yasuko alikuwa kwenye boti Hiroshima ilipolipuliwa tarehe 6 Agosti 1945, na mvua nyeusi ikamdondokea usoni na nguoni. Miaka mitano baadaye anaishi kijijini na mjomba na mkewe mjomba. Ni mzuri, ana adabu, na hakuna posa inayofika mwisho. Kila mshenga anasikia minong'ono kwamba binti alikuwa Hiroshima. Mjomba anatafuta cheti cha daktari, ananakili shajara kuthibitisha kwamba bomu halikumkuta mjini.

Baada ya filamu hii sikuhitaji kuongoza mjadala. Shangazi mmoja alisema mjomba alikosea kutembeza cheti: "Ukimpeleka binti na karatasi ya hospitali, si umeshawaambia ana jambo?" Mwingine akamjibu kwamba siku hizi kila ndoa ina kipimo chake, na kipimo si aibu. Wakaingia kwenye habari za ndugu waliowahi kutengwa kwa maradhi mengine, majina yakatajwa nusu nusu, nami nikanyamaza.

Lakini usiwaache na swali la uzazi. Watoto waliotungwa mimba baada ya bomu, wa wazazi walionusurika, wamechunguzwa kwa miongo mingi na hakuna ongezeko la kasoro za kurithi lililoonekana. Waliokuwa tumboni mlipuko ulipotokea ni habari nyingine: baadhi walizaliwa na vichwa vidogo na akili iliyodumaa. Yale mawili hofu iliyachanganya, na akina Yasuko wengi wakalipa.

*Usiku wa tatu: skrepa.* Mwaka 1990 Roberto Pires wa Brazili alitengeneza filamu ya Césio 137, kuhusu mji wa Goiânia. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kireno kitupu, hivyo nilizima sauti, nikaonyesha dakika ishirini, mengine nikayasimulia. Niliwaalika hasa vijana wa vyuma chakavu, wale wa mikokoteni.

Septemba 1987 watu wawili waliingia kwenye jengo la zahanati ya mionzi iliyohama na kuacha mashine nyuma. Waling'oa kichwa cha mashine, kizito kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo, wakakiuza kwa mwenye gereji ya skrepa. Ndani mlikuwa na unga wa siziamu-137 uliong'aa buluu gizani. Mwenye gereji aliona uzuri, akawagawia ndugu na marafiki. Watu walijipaka. Mtoto wa miaka sita alikula yai kwa mikono yenye unga ule. Aliyeshtuka ni mke wa mwenye gereji: aliona nyumba nzima inatapika, akakitia kile chuma kwenye mfuko, na tarehe 28 Septemba akakipeleka ofisi ya afya kwa basi. Watu takriban 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa wamechafuliwa, wanne wakafa, mke huyo na yule mtoto wakiwemo. Siku ya maziko majirani walirusha mawe kuzuia majeneza ya risasi yasizikwe karibu nao.

Hapa ndipo mwongozo unapokuwa wa vitendo. Chora nembo kwenye boksi kubwa: duara dogo katikati, mabawa matatu kulizunguka, nyeusi juu ya njano. Chora na ile mpya, nyekundu, iliyoongezwa mwaka 2007, yenye mawimbi, fuvu na mtu anayekimbia, kwa sababu wengi walikuwa wakiiona ya kwanza wanadhani ni feni. (Kijana mmoja kwetu alisema hivyo hivyo: feni.) Kisha waambie: ukikuta kichuma kizito kuliko ukubwa wake, kimefungwa kwa ustadi, hasa kikitoka hospitali au kiwanda cha zamani, na kina nembo hii, usikikate, usikigonge, usikitie mkokotenini. Sogeza watu mbali, zuia njia, toa taarifa polisi au kwa mtendaji ili wawaite Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kama umekishika, nawa, badili nguo uziache hapo nje, usiende nazo nyumbani.

*Usiku wa nne: Chernobyl, safari hii kwa adabu.* Onyesha sehemu ya kwanza na ya tano. Muuguzi au mtaalamu wa eksirei akae mbele, mumtambulishe kabla. Tamthilia hii imeigizwa vizuri kupita kiasi, ndiyo maana inahitaji msimamizi. Usiku huo niliwasomea mambo yaliyo sivyo:

Yule mwanasayansi wa kike, Khomyuk, hakuwepo. Ametungwa kuwakilisha wengi. Mwanasayansi mwenzake, Legasov, alikuwepo kweli, alijiua Aprili 1988. Wagonjwa hospitalini hawakuwa hatari kwa wake zao baada ya kuvuliwa nguo na kuoshwa, na pazia la plastiki lilikuwa la kumkinga mgonjwa ambaye mwili wake hauwezi tena kupigana na vijidudu. Mtoto tumboni hawezi "kunyonya" mionzi akamwokoa mama. Watu watatu walioingia kwenye maji chini ya mtambo hawakufa wiki ile, waliishi.

Yaliyo kweli yanatosha. Mtambo ulilipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Watu 134 walithibitishwa kuugua ugonjwa mkali wa mionzi na 28 kati yao wakafa mwaka huo. Mji wa Pripyat, wenye watu karibu 49,000, haukuhamishwa mpaka mchana wa kesho yake, watoto wakiwa wamecheza nje siku nzima. Na kitu ambacho tamthilia inakipita haraka ndicho kilichowashika akina mama wa kwetu: maziwa. Iodini ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa, ikakusanyika kwenye tezi ya shingoni, ile inayovimba mtu akiwa na rovu. Maelfu ya waliokuwa watoto walipata saratani ya tezi hiyo baadaye. Wengi walitibiwa wakapona. Ni siku 8 za maandazi: laiti wangeambiwa wasinywe maziwa wiki chache tu.

Bi mkubwa wa jirani yangu alikuja usiku huo, ameshamaliza tiba. Alikaa mstari wa mbele, na kila nilipokosea kusema "kuchomwa mionzi" alinisahihisha.

*Usiku wa tano: Ikimono no Kiroku (1955) ya Akira Kurosawa.* Haina mlipuko hata mmoja. Mzee mwenye kiwanda, aliyeigizwa na Toshirō Mifune akiwa na miaka 35 tu, ameingiwa na hofu ya bomu na anataka kuuza kila kitu ahamishie ukoo wote Brazili, pamoja na nyumba ndogo zake na watoto wao. Watoto wa nyumba kubwa wanakwenda mahakamani atangazwe hana akili timamu. Usisimamishe filamu hii popote. Usitangulize maelezo.

Nilizoziacha, na kwa nini

Oppenheimer ya 2023 ina saa tatu na inahusu dhamiri ya watengenezaji wa bomu, haikanyagi Hiroshima. Ukiulizwa kuhusu hiyo, sema jambo moja ambalo kwetu lina uzito: urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa wasema Kiswahili wenzetu wa Kongo. The War Game ya Peter Watkins (1965), ambayo BBC iliizuia isionyeshwe kwenye televisheni hadi 1985, ni fupi na kali, lakini namna yake ya kujifanya taarifa ya habari iliwachanganya watu wawili niliowajaribia: walidhani Uingereza ilipigwa bomu kweli. Threads (1984), filamu nyingine ya Uingereza ya vita vya nyuklia, niliitazama peke yangu nikaamua basi.

Hatua ya mwisho: daftari na kesho yake

Weka daftari karibu na birika la kahawa, mtu aandike au aandikiwe swali. Maswali ya afya mpe muuguzi, usijibu wewe. Kesho yake asubuhi pita kwa waliolia au walioondoka mapema. Boksi la nembo nililiacha kwa mwenye mizani ya skrepa wa karibu na reli, amelitundika juu ya bei za shaba.

Kesi ya yule mzee wa Kurosawa bado inaendelea kibarazani. Nusu wanasema watoto walifuata mali. Nusu wanasema mzee angewaua kwa safari kabla bomu halijafika. Na juzi mtu mmoja, ambaye hata hakuja usiku ule, aliuliza kama yule mke mdogo alipewa fungu lake.